Alfa Romeo Spider au Fiat 124 Spider: lipi la kuchagua ukiishi Tanga

Mtu wa Tanga anayetaka gari la zamani la Kiitaliano la kufungua paa, na ambaye mfuko wake haumfikishi kwenye Ferrari wala Maserati, hubakiwa na majina mawili ya kuyapima kwa makini: Alfa Romeo Spider na Fiat 124 Sport Spider. Yote mawili yalionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1966, la Alfa mjini Geneva mwezi Machi na la Fiat mjini Turin mwezi Novemba. Yote mawili yalichorwa na kuundiwa bodi na kampuni moja, Pininfarina. Yote yana injini ya silinda nne iliyokaa mbele, kemshafti mbili (shafti zinazofungua valvu) juu ya silinda hedi, gia tano, breki za diski kwenye magurudumu yote manne, ekseli nzima yenye springi za koili nyuma, na uzito wa karibu tani moja. Anayesoma maelezo ya kiwandani peke yake huona ndugu wa tumbo moja, na ndiyo maana wengi huishia kuchagua kwa sura ya taa au kwa nembo iliyo kwenye boneti.

Nayapenda magari haya yote mawili, na sura zao nazipenda pia, lakini hapa kwetu sura si kipimo cha kutosha. Tanga ina hewa ya chumvi, unyevunyevu wa mwaka mzima, matuta kila barabara inapoingia kijijini, na barabara kuu inayotumiwa na malori ya bandarini mchana na usiku. Katika mazingira hayo yapo mambo matatu yanayoyatenganisha magari haya kabisa: upande wa usukani, mahali kutu inapoanzia, na kile kinachoning'inia chini kabisa ya injini. Hayo ndiyo nitakayoyachunguza kwa urefu. Mengine nitayapitia kwa haraka.

Upande wa usukani

Kati ya mwaka 1966 na 1985 ziliundwa 124 Spider karibu 200,000, na kiwanda hakikuziunda zenye usukani kulia. Sehemu kubwa mno ya magari hayo ilikwenda Marekani, na kuanzia katikati ya miaka ya 1970 kwa muda mrefu yaliundwa hasa kwa ajili ya soko hilo. Ukikuta Fiat ya namna hii ina usukani kulia, ujue ilibadilishwa baadaye na gereji binafsi, nawe utalazimika kuichunguza kazi hiyo kipande kwa kipande: boksi la usukani na vyuma vilivyolishikilia, pedali, masta silinda ya breki, na nyaya zilizo nyuma ya dashibodi. Kazi iliyofanywa vizuri ipo, lakini hakuna karatasi ya kiwanda itakayokuhakikishia.

Alfa, kwa upande wake, iliunda Spider zenye usukani kulia kwa ajili ya Uingereza na nchi nyingine zinazoendesha upande wa kushoto wa barabara hadi nusu ya pili ya miaka ya 1970. Zilizouzwa Uingereza baada ya hapo zilibadilishwa usukani huko huko na wauzaji. Kwa hiyo anayetaka usukani kulia wa kiwandani anatafuta Alfa ya kabla ya mwisho wa muongo huo, na kwa bahati nzuri miaka hiyo ndiyo pia miaka ya kabureta, jambo nitakalolirudia.

Je, upande wa usukani una uzito kiasi hicho? Jibu linategemea unakwenda wapi. Anayetaka gari la jioni, la kutoka Chumbageni hadi Raskazone na kurudi, au la kupita mitaa ya Ngamiani yenye barabara za namba siku ya sikukuu, anaweza kuishi na usukani kushoto bila taabu kubwa. Mwendo ni mdogo na njia inaonekana. Lakini anayewaza Muheza, Segera, Korogwe na kwingineko, afikirie kwanza namna ya kulipita lori. Gari hili ni fupi kwa kimo, dereva ameketi karibu na lami, na akiwa upande wa kushoto hawezi kuona kilicho mbele ya lori mpaka atoe zaidi ya nusu ya gari kwenye njia ya wanaokuja. Kumtegemea abiria aseme kama njia ni nyeupe ni kumkabidhi maisha yako mtu ambaye pengine hajawahi kushika usukani. Barabara ya kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto, ambayo ni miongoni mwa njia nzuri zaidi nchini za kuendesha gari dogo lililofunuliwa paa, ina tatizo la namna yake: mwenye usukani kushoto huuona vizuri ukingo ulio upande wake, lakini kwenye kona inayopinda kushoto huchelewa kuliona basi linaloshuka.

Kwa sababu hiyo peke yake, mimi humshauri mtu mwenye nia ya safari za mkoa mzima aanze na Alfa, na aifikirie Fiat iwapo tu ana sababu nyingine nzito. Vilevile, kabla ya kutuma hata shilingi moja kwa muuzaji wa nje, aulize TRA na wakala wake wa forodha kuhusu masharti ya gari lenye usukani kushoto na kuhusu gharama zote za gari kuukuu. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 na VAT ni asilimia 18, na juu yake huja ushuru wa bidhaa pamoja na tozo linaloongezwa kwa sababu ya umri wa gari. Hesabu hiyo hufanyika juu ya thamani inayojumuisha usafiri na bima ya baharini. Wapo walioipenda picha, wakalipa, kisha gari likakaa bandarini likila gharama za kuhifadhiwa huku mwenyewe akitafuta fedha za kulitoa.

Kutu

Usukani unaleta mtego mwingine ambao sijauona ukielezwa vya kutosha. Alfa zenye usukani kulia zilikaa kwa wingi Uingereza, ambako barabara humwagiwa chumvi majira ya baridi ili barafu iyeyuke. Fiat nyingi, pamoja na Alfa za usukani kushoto, zilikaa Marekani, na zile za California zimekaa penye hewa kavu. Kwa maneno mengine, unapochagua upande wa usukani umekwisha kuchagua, bila kujua, hali ya mabati utakayoletewa. Gari safi kabisa la California lina usukani usioutaka, na gari lenye usukani unaoutaka huenda limeliwa na kutu mara mbili na kutengenezwa mara tatu.

Magari haya hayana chasi iliyojitenga kama ya lori au ya Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo mhimili. Gari la kawaida husaidiwa na paa kubeba uzito, lakini gari lisilo na paa la chuma huuelekeza uzito wote kwenye sakafu na kwenye vizingiti, yaani yale maboksi ya bati yanayopita chini ya milango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Vikioza vizingiti, gari hujikunja katikati. Ndiyo maana kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa chochote: fungua mlango, ufunge tena, na utazame nafasi iliyo kati ya mlango na bodi. Nafasi hiyo inapaswa kuwa sawa juu na chini. Kisha liinue gari kwa jeki upande mmoja na urudie. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukianza kukwama, mhimili umekwisha, hata kama rangi inang'aa.

Kwa Alfa, vizingiti na sakafu ndivyo vya kuchunguzwa kabla ya vyote, kisha matao ya magurudumu ya nyuma, kisima cha tairi la akiba ndani ya buti, na bati la chini mbele ya rejeta, ambalo huoza na pia hugongwa. Vizingiti vyake vina tabaka zaidi ya moja, na fundi mvivu hubandika bati jipya juu ya la zamani lililooza. Kutoka nje huonekana vipya, ndani ni vumbi jekundu. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze rangi itakuambia mahali palipojazwa puti, kwa sababu haitashika.

Kwa Fiat, pamoja na vizingiti na sakafu, kuna sehemu moja isiyosamehe: minara ya shokapu za mbele, ndani ya boneti, kila upande wa injini. Matope na maji hutupwa na magurudumu chini ya minara hiyo na kukaa humo kwa miaka. Fungua boneti, utazame bati la juu ya mnara kama limetuna, limepasuka au limepakwa rangi nzito isiyofanana na ya pembeni, kisha uingize mkono ndani ya tao la gurudumu na ulipapase kwa chini. Mnara uliooza hubadilisha mkao wa magurudumu ya mbele, gari huanza kuvuta upande, na kuutengeneza kunataka injini na mifumo ya mbele iondolewe. Ningeikataa Fiat yenye minara mibovu hata kama ningepewa kwa robo ya bei, ilhali Alfa yenye sakafu mbovu na vizingiti vizima ningekaa chini na mwenyewe tuzungumze bei.

Mafundi wa bodi tulio nao ni hodari. Watu wanaounda upya bodi za daladala na malori wana jicho na mkono wa kazi. Lakini mabati haya ni membamba, na moto wa gesi huyapinda. Msimamie fundi atumie mashine ya MIG, yaani ya kuchomelea kwa umeme na waya, achomelee vipande vifupi vifupi kwa zamu, na kabla hajakata kizingiti chochote afunge vyuma vya kushikiza kwenye nafasi za milango ili bodi isijikunje. Hatua hiyo ya mwisho ikirukwa, milango haitafunga tena vizuri maisha yote ya gari hilo.

Halafu kuna kutu itakayoanzia hapa hapa. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na chumvi ya bahari hufanya kazi kwa mwendo huo huo. Anayeishi Raskazone, ambako upepo wa bahari unafika moja kwa moja, atafute pa kulaza gari upande wa bara, au angalau banda lenye ukuta upande wa baharini na hewa inayopita. Asilifunike kwa nailoni. Nailoni hufungia unyevu ndani, na asubuhi utakuta matone ya maji yamekaa juu ya bati. Kila baada ya wiki chache aoshe chini ya gari kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, na ahakikishe matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya milango, kwenye vizingiti na karibu na mkunjo wa paa hayajaziba. Kwa ndani ya maboksi ya bati, apulizie nta ya kuzuia kutu. Desturi ya kupaka oili chafu chini ya gari huzuia kutu kwa muda, lakini oili hiyo hulainisha na kuharibu bushi za mpira, na bushi za magari haya zinaagizwa ng'ambo.

Injini, na kinachoning'inia chini yake

Hapa ndipo mashabiki hubishana zaidi, na kwa haki, kwa kuwa injini zote mbili ni miongoni mwa kazi nzuri zilizowahi kutoka Italia. Ya Alfa ni ya aluminiamu yote, bloku na silinda hedi, na kemshafti zake huzungushwa kwa cheni. Ilianza na sentimita za ujazo 1570 na nguvu za farasi 109, ikafuatiwa na ya 1779 na ya 1290, kisha mwaka 1971 ikaja ya 1962 yenye nguvu za farasi zipatazo 132. Ya Fiat iliundwa na Aurelio Lampredi, mhandisi aliyewahi kuunda injini za Ferrari. Bloku yake ni ya chuma, silinda hedi ni ya aluminiamu, na kemshafti zake huzungushwa kwa mkanda wa mpira wenye meno, jambo lililokuwa jipya kwa injini za namna hiyo zinazotengenezwa kwa wingi. Ilianza na ujazo wa 1438 na nguvu za farasi 90, ikapanda hadi 1608, 1756 na hatimaye 1995.

Kwa mmiliki wa Tanga tofauti ya cheni na mkanda ina maana ya moja kwa moja. Cheni ya Alfa hudumu muda mrefu, na ikichakaa hutoa sauti kabla ya kuleta hasara. Mkanda wa Fiat hauna sauti ya kuonya. Mpira huzeeka kwa joto na kwa miaka hata gari likiwa limesimama, na ukikatika, valvu zinaweza kugongana na pistoni. Gari la Fiat ulilonunua bila kumbukumbu ya lini mkanda ulibadilishwa lisiwashwe mara nyingi kabla mkanda mpya haujafungwa, pamoja na beringi ya kuukaza. Gharama yake ni ndogo na kazi yenyewe fundi makini anaiweza, mradi azingatie alama za taimingi.

Kwa kabureta, mizani inaegemea Fiat. Nyingi zina kabureta moja ya Weber yenye midomo miwili, ambayo fundi yeyote mwenye umri wa kutosha anaweza kuifungua, kuisafisha na kuirudisha. Alfa ya kabureta ina mbili, zilizolala ubavuni, na lazima zipumue sawasawa. Zisipolinganishwa, injini hutetemeka gari likiwa limesimama na hunywa mafuta bila sababu. Zaidi ya hayo, zimeshikiliwa na vipande vya mpira ambavyo joto la injini huvipasua, na mpasuko huo huingiza hewa na kuifanya injini ikimbie kwa joto kali. Weka akiba ya vipande hivyo nyumbani. Alfa nyingi zilizouzwa Marekani kati ya mwaka 1969 na 1981 zina mfumo wa SPICA, yaani pampu ya kimakanika inayopulizia petroli. Ni chombo cha ustadi mkubwa, lakini kukirekebisha kunahitaji mtu aliyekisomea, na sioni sababu ya kukileta mahali ambapo mtu huyo hayupo. Zile zilizobadilishwa na kufungwa kabureta hazina tatizo hilo.

Sasa chini ya injini. Sampu ya Alfa, yaani chombo cha oili kilicho chini ya injini, ni ya aluminiamu ya kumiminwa, ina mapezi ya kupoza oili, hubeba oili nyingi, na ni sehemu ya chini kuliko zote mbele ya gari. Kwenye lami ya Italia ni fahari ya mhandisi. Kwenye matuta yetu, hasa yale ambayo wanakijiji wameyajenga wenyewe bila kipimo, ni hatari ya kweli. Aluminiamu ya kumiminwa haibonyei, hupasuka. Oili yote hutoka ndani ya dakika moja, na dereva asipozima injini papo hapo atahitaji krenki mpya. Sampu ya Fiat ni ya bati, na ikigonga hubonyea, ukaendelea na safari huku ukisikitika. Anayenunua Alfa kwa matumizi ya hapa asiitoe gereji kabla ya kufungiwa ngao ya chuma chini ya sampu, yenye matundu ya kupitisha hewa ili oili isichemke, na ahakikishe springi hazijalegea wala kukatwa ili kuliteremsha gari. Hata baada ya hapo, tuta lipandwe kwa mshazari na kwa gia ya kwanza. Barabara ya Amani, kwa uzuri wake wote, iachwe kwa magari mengine.

Joto halijawahi kuwa tatizo la injini hizi zikiwa na rejeta safi. Fiat ina feni ya umeme inayojiwasha yenyewe, nzuri kwenye foleni, lakini inategemea swichi ndogo ya joto na nyaya ambazo hapa huota kutu ya kijani. Nyaya za ardhini za Fiat, zile zinazorudisha umeme kwenye bodi, zisafishwe zote mara gari linapofika. Alfa za kabureta zina feni inayozungushwa na injini, ambayo hupunguza kasi gari linaposimama lakini haihitaji umeme. Petroli isiyo na risasi haiyadhuru magari haya, kwa sababu valvu zinakaa juu ya pete za chuma kigumu zilizopachikwa kwenye aluminiamu.

Gia ya pili ya Alfa husaga ikiwa baridi. Ni tabia ya ukoo mzima na haiwezi kuwa sababu ya kulikataa gari, ila ikiendelea kusaga baada ya mwendo wa nusu saa, bei ishuke.

Paa, viti na tairi

Fiat inashinda kwa paa, tena kwa mbali. Dereva huliinua akiwa ameketi, lina vioo vidogo vya pembeni vinavyoondoa giza, na hufunga vizuri kuliko la Alfa mvua ya masika inapokuja bila taarifa. Nyuma ina viti viwili vidogo vya watoto, ilhali Alfa ina nafasi ya mizigo tu. Familia yenye mtoto wa shule itaona tofauti hiyo kabla ya kuuliza habari za kemshafti. Kwa magari yote mawili, turubai lisikunjwe likiwa bichi, kwani kuvu huingia kwenye mishono na halitoki tena. Majira ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndiyo yenye jua kavu la kufungulia paa, ingawa saa za mchana jua hilo ni kali mno kwa kichwa na kwa ngozi ya viti. Alfajiri na jioni ndizo saa zake.

Alfa nyingi za miaka ya 1970 huvaa tairi za inchi 14, ambazo maduka yetu wanazo kwa ajili ya magari madogo ya Kijapani. Fiat nyingi huvaa za inchi 13, na za kipimo kinachofaa mwendo wa gari la michezo hupatikana kwa shida zaidi.

Mafundi na spea

Wapo wanaodhani kwamba gari la Kiitaliano ni kitu kigeni kabisa kwa mafundi wetu. Mafundi wazee waliofungua Peugeot 404 na 504 kwa miaka mingi walikuwa wakishika mabati yaliyochorwa na Pininfarina huyo huyo, na malori ya Fiat yaliyobeba mizigo kwenda Zambia miaka ya 1960 na 1970 yaliacha kizazi cha watu wasioogopa jina hilo. Kinachokosekana ni vijana waliowahi kulinganisha kabureta mbili. Wengi wamejifunza kwa kusoma makosa ya injini kwenye kompyuta, na injini ya mwaka 1972 haina pa kuchomeka kompyuta. Mtafute fundi mzee kabla ya kutafuta gari, na umwombe awe na kijana pembeni wakati wa kazi.

Kwa spea, Fiat ina faida ya familia kubwa. Injini ya Lampredi ilitumika pia kwenye Fiat 131 na 132 na kwenye Lancia Beta, na sedani ya Fiat 124 ndiyo iliyozaa Lada ya Urusi mwaka 1970, hivyo baadhi ya vitu vya chini ya gari hupatikana kwa bei nafuu. Alfa ina faida ya kupendwa. Wauzaji mahsusi wa Uingereza, Ujerumani na Italia wanatengeneza upya karibu kila kipande, kuanzia mabati ya vizingiti hadi mpira wa mlango, kwa bei ya juu zaidi lakini kwa ubora unaoaminika. Kwa zote mbili, agiza vitu vya mwaka mzima kwa pamoja, maana kipande kimoja cha mpira kikisafirishwa peke yake gharama ya kukileta huizidi bei yake mara nyingi.

Magari ya jirani

Nitataja mawili kwa ufupi. Fiat X1/9, iliyoanza mwaka 1972 na kuchorwa na Bertone, ina injini katikati na paa gumu la kuondolewa, na ilipatikana yenye usukani kulia. Ni gari zuri la kuendesha, lakini injini imefichwa nyuma ya viti na hewa ya kuipoza husafiri mbali. Kisha kuna 124 Spider mpya iliyotoka mwaka 2016. Hiyo iliundwa Hiroshima na Mazda juu ya mwili wa Roadster yao, ikiwa na injini ya Fiat. Anayetaka upepo usoni bila kazi ya mikono, Mazda Roadster yenyewe itamtosha.

Mimi ningenunua lipi

Kwa mtu anayeishi Tanga na anayenuia kulitumia gari nje ya mji, chaguo langu ni Alfa ya kabureta yenye usukani kulia wa kiwandani, iitwayo 1750 (injini ya 1779) au 2000 (injini ya 1962), yenye mkia uliokatwa wima ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1960. Ile ya kwanza yenye mkia wa mviringo, iitwayo Duetto, ni nzuri zaidi kwa jicho langu, lakini bei yake imekwisha kuwa ya wakusanyaji, na gari la bei hiyo mtu huogopa kulitoa nje. Kwa mtu mwenye mtoto, mwenye bajeti ndogo, na ambaye njia zake haziendi mbali zaidi ya Pongwe au Amboni, Fiat ya California ya 1756 au ya 1995 yenye minara mizima itampa raha sawa kwa fedha pungufu, na usukani wake wa kushoto hautamsumbua sana.

Ningebadili mawazo katika hali moja: nikiikuta Fiat kavu, yenye picha za chini ya gari na za ndani ya matao ya magurudumu zilizopigwa mwezi huo huo, huku Alfa zote zilizopo zikiwa na picha za juu peke yake. Muuzaji anayekataa kuliinua gari kwa jeki na kulipiga picha kwa chini amekwisha kujibu swali lako. Mlipe mtu aliye karibu naye akalitazame, umpe orodha ya mahali pa kupapasa, na sehemu ya bajeti isiyopungua theluthi moja ibaki benki bila kuguswa mpaka gari lifike, kwa sababu kazi ya bodi itakayogunduliwa hapa italipwa kwa fedha hizo.